Jumamosi ya Mama na Kadi Iliyofungwa

Mimi ni mtu wa nyumbani. Kuna wanaosema hivyo kwa unyenyekevu. Mimi nasema kama mtu anavyotaja kabila lake. Nilipomaliza kidato cha nne nilirudi na begi langu, nikaliweka chini ya kitanda, na mpaka leo sijaona sababu ya kulitoa. Mila nayo iliniunga mkono. Kwetu Uchaggani mtoto wa kiume wa mwisho ndiye anayebaki na nyumba ya wazazi. Anarithi migomba, kahawa iliyozeeka na jukumu la kukaa na wazee. Kaka zangu walitawanyika kutafuta maisha, mimi nikaambiwa nibaki. Hakuna agizo nililowahi kulitii kwa moyo mweupe kama lile.

Tunaishi Old Moshi, mama na mimi, pamoja na ng'ombe wawili wa maziwa wanaolishwa bandani. Ng'ombe hao wamenisaidia sana maishani. Nikialikwa harusi, nasema ng'ombe. Nikiitwa kikao cha ukoo, nasema ng'ombe. Mama alishaniambia, "Siku ng'ombe wale watakapojua kusema utaaibika. Watasema wao wanamjua jirani anayewaletea majani, wewe hawakujui."

Baba alipofariki, mama alinyamaza. Sisemi alilia, kulia alilia siku za msiba, akamaliza. Alinyamaza tu. Alikuwa akipika, anapakua, anakaa mbele ya sahani kama mtu anayesubiri wageni ambao hawajathibitisha. Hali hiyo ilikwenda mwaka mzima. Dada yangu wa Dar es Salaam, ambaye anaamini kila ugonjwa wa mlimani una dawa mjini, ndiye aliyemkatia kadi ya mwaka ya bustani ya michezo, ile iliyopo chini ya mji, njia ya kwenda Mabogini. Kadi yenyewe ilikuwa ya watu wawili: mwenye kadi na msindikizaji. Msindikizaji akawa mimi, kwa kuwa hapakuwa na mwingine.

"Dada," nilimwambia kwenye simu, "mama ana miaka sabini na moja. Ulishindwa kumnunulia blanketi?"

"Blanketi analo. Mpeleke."

Tulishuka Jumamosi ya kwanza. Mama aliikagua bustani kama bwana mifugo anavyokagua machinjio. Bwawa la kuogelea alilitazama akasema yale si maji, ni supu ya watoto. Vigari vya kugongana alivitazama akasema ajali za barabarani zinamtosha. Halafu akasimama mbele ya ile mashine yenye viti vinavyoning'inia kwa minyororo, ambavyo ikizunguka vinapaa na watu wake, miguu hewani.

"Hivi vinafika wapi?"

"Vinazunguka tu, mama."

"Naona vinazunguka. Sijauliza kama vinakwenda Arusha. Nauliza vinafika juu kiasi gani."

Kabla sijajibu alishanikabidhi mkoba, kitenge cha kujifunika na viatu vyake vya kanisani. Mzunguko wa kwanza alikuwa amefumba macho. Wa pili alifumbua moja. Wa tatu akacheka, kicheko kile cha jikoni cha enzi za baba, kinachoanza chini polepole kama mtori wa ndizi unapoanza kuchemka. Nilikuwa nimekisahau. Nilisimama pale na viatu vya mwanamke mkononi, macho yananiwasha, nikalisingizia vumbi.

Tulipofika nyumbani alikula sahani mbili.

Kuanzia hapo Jumamosi ikawa ya mama. Ile mashine aliiita Ile Yangu. "Leo Ile Yangu ilikuwa na haraka," alikuwa akisema. Au, "Ile Yangu wameipaka rangi, lakini rangi ya bluu haiipendezi." Alikuwa akipanda mara nne au tano, mimi nakaa kwenye benchi na mizigo, nahesabu saa za kurudi kwa ng'ombe. Nilinung'unika kila wiki, na kila wiki alinijibu jibu lilelile: "Vumilia. Na mimi nilikubeba miezi tisa hukuniona nikinung'unika."

Halafu ikaja masika ile. Mto unaopita kando ulivunja uzio wa bustani, ukaingia, ukakaa. Ulipotoka uliacha matope ndani ya mitambo, ukaondoka na kibanda cha bisi. Watu walisema kibanda kilionekana Chekereni, kimesimama katikati ya majaruba ya mpunga kama kinangoja wateja. Bustani ikafungwa mpaka itakapotangazwa tena.

Nilifurahi. Ningependa kuandika kwamba nilisikitika, lakini nilifurahi kama mwanafunzi aliyesikia mwalimu wa hesabu anaumwa. Jumamosi zangu zilirudi. Nilikaa kibarazani, nikasikiliza mpira redioni, nikalala mchana bila mtu wa kuniuliza nimevaa soksi gani.

Mama aliuliza wiki za mwanzo, "Hawajafungua?" Nikajibu bado. Baadaye akaacha kuuliza. Mazoezi ya kwaya akaanza kuyakosa. Sahani yake ilikuwa inarudi jikoni imechakurwachakurwa tu kama kuku amepita. "Nimeshiba," alikuwa akisema, na mimi nikajiambia ni umri, wazee hawali sana. Mtu mvivu hakosi elimu ya kumtetea.

Ilichukua miezi mitano. Ujumbe ulipokuja kwenye simu yangu niliusoma kwa sauti, mama amesimama mlangoni na mwiko. Bustani itafunguliwa, nusu tu ya mitambo inafanya kazi. Wataingia wenye kadi za mwaka peke yao, Jumamosi peke yake, na si wote: lazima mtu apige simu Jumatatu kuanzia saa mbili asubuhi kuweka nafasi, na zikijaa zimejaa. Kadi ambazo muda wake unakaribia kwisha zitaongezewa miezi iliyopotea. Ujumbe uliendelea, lakini mimi sikuendelea.

"Kadi yangu inaisha lini?" mama aliuliza.

"Mwisho wa mwezi huu. Lakini umesikia, wataongeza."

"Nimesikia." Alirudi jikoni. Baadaye kidogo nilimwona uani amekaa kwenye kigoda, anapaka viatu vyake vya kanisani rangi. Ilikuwa Jumanne, na Jumapili ilikuwa mbali.

Jumatatu nilipiga simu saa mbili kamili. Sisi wakamuaji tunaamka mapema. Nadhani nilikuwa wa kwanza au wa pili. Dada aliyepokea alikuwa mchangamfu, akachukua namba ya kadi, akasema, "Mmeshapata, kaka. Karibuni Jumamosi." Kazi ikawa imekwisha.

Sasa nifike mahali pabaya. Ijumaa mvua ilinyesha, njia ya kushukia Kiboriloni ikawa utelezi. Jumamosi kulikuwa na mechi. Zaidi ya hayo, kwa miezi mitano nilikuwa nimezoea, na kitu kilichozoewa kikiguswa unaona kama umeibiwa. Nikajiambia, wiki moja ni nini? Zipo nyingine. Mama alipotoka chumbani asubuhi amevaa, viatu vinang'aa, nikamwambia bila kumtazama:

"Mama, tumekosa. Nafasi zilijaa."

"Zilijaa?"

"Zilijaa. Watu ni wengi."

Alisimama kidogo. "Haya," akasema. Akarudi chumbani. Mechi yenyewe tulifungwa.

Kesho yake, baada ya ibada, jirani yetu alipita getini akiwa amevaa viatu vya mama. Nilimsimamisha.

"Mama yako kanipa," akasema, anavigeuzageuza ili nivione vizuri. "Kasema yeye hana safari tena."

Hana safari tena. Nyie msiokaa na wazee mnaweza kuyasikia maneno hayo kama maneno tu. Kwetu mzee akianza kugawa vitu vyake huku ni mzima, watu huanza kukohoa na kupigiana simu. Nilikwenda kuchungulia jikoni. Sahani ya mchana ilikuwa imefunikwa, haijaguswa kabisa, hata kuku hajapita. Ndipo nilipoona kwamba ile kadi niliyoiita upuuzi wa dada ilikuwa ndiyo kamba iliyomshika mama huku upande wetu, na mimi niliikata kwa sababu ya utelezi na mpira.

Jumatatu nilipiga simu saa mbili kasoro dakika moja. Nilishaanza kujiona mwana mwema.

"Namba ya kadi?" akauliza dada yuleyule. Nikataja. "Kaka, hii kadi imefungwa."

"Imefungwa na nani?"

"Na nyie wenyewe. Mliweka nafasi Jumamosi hamkutokea. Asiyetokea bila taarifa kadi yake inafungwa, na haiongezewi miezi. Ipo kwenye ujumbe, mstari wa mwisho."

"Mimi mistari ya mwisho huwa sisomi."

"Ndiyo maana tunaiandika. Kaka, kuna watu walilia hapa wamekosa nafasi, viti vyenu vikazunguka vitupu."

Nikamwambia nilikuwa na homa. Akasema pole. Jumatano nikapiga tena, nikamwambia ukweli ni kwamba ng'ombe alikuwa anazaa.

"Pole tena. Jumatatu ulikuwa na homa."

"Vyote viwili."

"Ng'ombe ndiye alikuwa na homa, au wewe ndiye ulikuwa unazaa?"

Nikakata simu. Jumamosi ile ikapita. Mama hakuuliza chochote, na mimi sikusema. Ikabaki Jumamosi moja tu kabla ya kadi kwisha, na kadi iliyofungwa ikiisha imekwisha. Mpya walikuwa hawatoi mpaka mitambo yote itengemae, jambo ambalo hakuna aliyekuwa analitaja kwa tarehe.

Ijumaa asubuhi mama alikuwa anamenya ndizi, mikono yake imepakwa mafuta ili utomvu usishike. Nikachukua kisu kingine, nikakaa karibu yake. Nilimenya ndizi tatu kabla ya kufungua mdomo.

"Mama, ile Jumamosi ya kwanza nafasi tulikuwa nayo."

Akaendelea kumenya. "Najua."

"Unajua?"

"Jumatatu ile ulipopiga simu nilikuwa nyuma ya banda natafuta mayai. Wewe ukiongea na simu unapiga kelele kama vile mwenzako yuko Chekereni na yeye hana simu. Nilisikia mpaka ulivyomshukuru."

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Nilitaka kuona utakaa na uongo huo siku ngapi. Marehemu baba yako alikuwa anaweza siku mbili, ya tatu anaanza kuharisha. Wewe umemshinda, utafikiri hukuzaliwa naye." Aliitupa ndizi kwenye beseni, maji yakanirukia. Nilidhani ananitania mpaka aliposema lile jingine, kwa sauti ya chini, bila kuniangalia. "Kwamba wewe hupendi kutoka nalijua tangu ulipokuwa unajificha darini siku za Jumapili. Nilichokuwa sijui ni kwamba na mimi hutaki nitoke. Nikaona basi, mtoto amechoka, nisimng'ang'anie."

Niliweka kisu chini, nikatoka, nikaenda mpakani mwa shamba letu na la jirani, pale penye mstari wa masale, nikakata jani moja refu, nikalipiga fundo.

Kwa asiyetujua nieleze. Isale ni mmea wa majani marefu tunaoupanda mipakani na makaburini. Mchagga aliyekosa, akimletea aliyekosewa jani la isale, huyo aliyekosewa hawezi kumfukuza. Anaweza kununa, anaweza kumsema mpaka jua lizame, lakini kusamehe lazima asamehe. Nimeona ndugu waliorogana kwa maneno miaka kumi wakikaa meza moja kwa sababu ya jani hilo. Kanisa limeliacha kama lilivyo; wachungaji wetu nao wana ndugu.

Nilimpelekea mama kwa mikono miwili. Alilitazama lile jani, akanitazama mimi, akaanza kutikisika mabega. Anacheka.

"Mimi unaniletea la nini? Mimi ni mama yako, nilikusamehe ukiwa hujazaliwa. Ukiniletea isale kwa kila kosa, mpaka wa shamba utabaki uchi. Lipeleke kwa wenye geti. Hao ndio uliowakosea, umewazungushia viti vitupu."

"Mama, wale ni watu wa kompyuta."

"Kwani kompyuta inajiendesha? Kesho tunashuka."

Kesho yake tulishuka. Yeye kandambili, kwa kuwa viatu vilikuwa kwa jirani. Mimi na mfuko wa chakula na jani la isale nimelishika kama mtoto anavyoshika tawi Jumapili ya Matawi. Pale getini palikuwa na foleni ya familia zenye nafasi, zimevaa vizuri, zina makopo ya chakula na watoto wanaorukaruka. Tulisimama mwisho, nyuma ya baba mmoja mwenye kofia ya pama aliyekuwa peke yake. Alitupa jicho, akaona jani, akaondoa kofia.

"Nani amekosa?" akauliza.

"Huyu," akajibu mama.

"Limekaa vizuri. Fundo nalo zuri." Akatupisha mbele yake. Waliokuwa mbele waligeuka, wakaona, nao wakatupisha. Tukafika dirishani kabla ya watu wote, jambo ambalo lilinitia hofu zaidi ya foleni yenyewe.

Dirishani alikaa binti wa miaka ishirini na kitu. Sauti yake niliijua papo hapo. Ndiye yule wa simu. Akamwamkia mama, "Shikamoo bibi." Mama akaitikia marahaba. Mimi nikaingiza jani dirishani kwa mikono yote miwili. Binti akalipokea kwa mikono miwili, uso umemchanua.

"Jamani! Hakuna aliyewahi kuniletea ua hapa." Akalichomeka kwenye chupa ya maji kando ya kompyuta, akalirekebisha liegemee vizuri. "Asante kaka. Namba ya kadi?"

Nyuma yangu foleni nzima ilikuwa imesogea kusikiliza. Nikataja namba. Uso ukabadilika.

"Wewe ndiye mwenye homa na ng'ombe?"

"Ndiye mimi."

"Kaka, nilikwambia imefungwa. Ua ni zuri, lakini utaratibu ni utaratibu."

"Dada," akasema yule baba wa pama, "hilo si ua."

"Ni nini?"

"Ni isale. Umeshalipokea."

"Sasa?"

"Sasa umeshamsamehe," akadakia mama mmoja aliyebeba mtoto mgongoni. "Halirudishwi hilo."

Binti alilitazama lile jani kama vile limemzungumzia. Tukaja kujua baadaye kidogo kwamba wazazi wake walitoka mbali kuja kufanya kazi kwenye mashamba ya miwa, kusini ya mji; amekulia huko, miwa anaijua, mambo ya mlimani hayajui. "Lakini mimi nimepokea bila kujua!" akalalamika. "Nilidhani ni ya kupambia!"

"Hata mvua huwa unalowa bila kujua imetoka wapi," akasema mama, kwa upole kabisa. "Usiogope mwanangu. Mpigie mkubwa wako."

Akapiga, akaweka sauti ya nje ili sote tuwe mashahidi. Mwenye bustani alikuwa mzee wa huku kwetu. Tulimtambua kwa namna alivyoanza kwa kukohoa.

"Mzee, kuna kaka hapa, kadi yake imefungwa, ameleta jani."

"Jani la nini?"

"Wanasema isale. Nimeliweka kwenye maji."

Mzee akakohoa tena. "Lina fundo?"

"Lina fundo."

"Umelipokea kwa mkono gani?"

"Yote miwili, mzee."

Tukasikia pumzi ndefu. "Basi binti yangu, tumekwisha." Foleni ikapasuka kicheko. Mzee akaendelea, safari hii na mimi: "Wewe uliyeleta. Isale haliombi kupanda bembea, linaomba msamaha. Sema kosa lako. Sema kwa nguvu, na hao waliokosa nafasi wakusikie."

Nimewahi kukataa kusoma somo kanisani kwa sababu ya woga. Sasa nilisimama mbele ya familia zote hizo, nikaanza.

"Nilikuwa na nafasi. Nikamwambia mama tumekosa. Hatukuja."

"Kwa sababu gani? Uliumwa?"

"Hapana."

"Msiba?"

"Hapana, mzee."

"Ng'ombe alizaa?"

Binti alinikazia macho. "Hapana," nikasema. "Hakuzaa."

"Ulikuwa unafanya nini, basi?"

"Nilikaa."

"Ulikaa?"

"Nililala kidogo pia."

Baba wa pama alilazimika kushika ukuta. Watoto walicheka bila kujua wanacheka nini. Mama peke yake hakucheka; alikuwa ananitazama kwa jicho ambalo sijui niliiteje, kama mtu anayemwona mtoto wake akitembea hatua ya kwanza akiwa na miaka thelathini na nane.

"Nimesamehe," ikasema simu. "Binti, fungua kadi. Waongezee miezi mitano kama wenzao. Na hilo jani usilitupe."

Sijui kama umewahi kubeba gunia la majani ya ng'ombe kutoka bondeni, kamba inakukata paji la uso, halafu mtu akaja nyuma akalipokea bila kukwambia. Ndivyo nilivyojisikia. Nilishika ukingo wa dirisha. Miezi mitano. Nilimgeukia mama nimpe mkono, na hapo nikamsikia binti akisema, anabonyeza vidole vyake kwa adabu:

"Ila kaka, kusamehewa umesamehewa. Nafasi ya leo ndiyo hakuna. Imejaa tangu Jumatatu. Pigeni Jumatatu ijayo."

Mama akaitikia kwa kichwa. "Haya," akasema.

Nililijua hilo haya. Nililisikia wiki mbili zilizopita, mlangoni mwa chumba chake, na nilijua kinachofuata. Mimi ambaye sijawahi kumbishia hata kondakta nikamwambia binti, "Dada, nitafutie. Hata sehemu ya kusimama."

"Kupanda kule hakuna kusimama, kaka. Viti vinahesabika."

"Samahani," akasema yule baba wa pama. Alikuwa ameshatoa kadi yake, anaigonga dirishani. "Mimi kadi yangu ni ya wawili, na nafasi niliweka ya wawili. Mke wangu ameghairi asubuhi hii. Kasema miguu haimtumi, yeye atabaki nyumbani. Kila Jumamosi ni hivyohivyo, ni mtu wa nyumbani huyo, ukimtoa kama unang'oa mgomba." Akamgeukia mama. "Bibi, kama hutajali kusindikizwa na mimi."

Nilimpenda mwanamke huyo ambaye sijamwona. Nilimwombea usingizi mzuri mchana huo.

"Na huyu?" binti akaninyooshea kalamu.

"Huyu atangoja nje," akasema mama. "Amezoea kukaa."

Wakaingia. Mimi nilizunguka uzio upande wa barabara, nikapata mahali ambapo waya unaacha tundu, nikakaa chini kwenye majani na mfuko wangu. Ile mashine ilikuwa imepungua. Viti vingine viliondolewa, minyororo yake imening'inia mitupu. Nilimwona mama anavua kandambili anampa baba wa pama, naye anazishika kwa heshima, kofia kwapani. Mlima ulikuwa umejifunika. Mashine ikatoa mlio wa kukwaruza, matope bado yamo, ikaanza.

Alipita mbele yangu mara ya kwanza, ya pili. Uso wake ulikuwa mkavu. Ya tatu, mkavu. Kutoka pale kelele za injini zilifunika kila kitu, na nilimfuata kwa macho tu, shingo inazunguka kama ya kuku. Viti vikashuka. Akabaki amekaa. Akamwambia mwendesha mashine kitu, na vikapaa tena. Sikuona kama alicheka. Nilianza kufikiri huenda nimechelewa, kwamba kamba ikishakatika unaweza kuipiga fundo lakini si ileile.

Mashine iliposimama mara ya pili, aliangaza huku na huku, akaniona kwenye uzio, akaja moja kwa moja, pekupeku, anatembea kwa yumbayumba ya kizunguzungu. Akashika waya kwa vidole.

"Umebeba nini humo?"

"Kiburu." Ndizi na maharage vilivyopondwa; nilipika mwenyewe alfajiri.

"Lete. Nina njaa."

Kopo halikupita kwenye tundu. Nikaanza kumpitishia kwa kijiko, kijiko baada ya kijiko, mimi nje na yeye ndani, wapita njia wanatutazama. Alikula amesimama. Cha nne akanyoosha kidole: "Chumvi hukuweka." Cha saba: "Maharage hayajaiva." Cha kumi akakitafuna, akafungua mdomo kwa kingine. Hakuna muziki niliowahi kuupenda kama malalamiko yale.

Kopo likaisha. Nikaligeuza aone.

"Kingine?"

"Hakuna, mama."

"Ulitoka nyumbani na kikopo hicho kimoja kuja kumlisha mtu mzima?" Nyuma yake mashine ilianza kukwaruza tena, watu wanapanda. Akageuka kuitazama, akanigeukia. "Kule getini nimeona mtu anachoma mahindi. Mwambie asiyaunguze. Mawili, na limao. Nikishuka nikute yameshafika."

Nikainuka, nikajikung'uta majani, nikaondoka mbio.